Mapato yameshuka kutoka paundi 171,000 hadi 61,000: je, zahanati yetu inakufa?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa shirika dogo la hisani lililosajiliwa England, linaloendesha zahanati moja mkoani Tanga. Tulilianzisha mwaka 2013, wengi wetu wauguzi na walezi wa wazee tunaoishi Uingereza. Mwaka 2022 tulipata paundi 171,000. Mwaka 2023 tukashuka hadi 63,000, na 2024 tukapata 61,000. Matumizi yalikuwa 94,000, kisha 118,000, kisha 72,000. Tulifunga 2024 tukiwa na 37,000 benki. Mwenyekiti anasema 2022 ulikuwa mwaka wa neema na tangu hapo tunaporomoka, ila anaona 2024 ni afadhali kwa sababu nakisi imepungua kutoka 55,000 hadi 11,000. Mimi roho yangu haitulii, lakini nashindwa kueleza kwa nini. Katika hizo 37,000, paundi 14,000 zilichangwa kwenye chakula cha jioni cha hisani kwa ajili ya mashine ya ultrasound. Wajumbe wawili wanataka tuzikope tulipe mishahara, tuzirudishe Ramadhani ijayo. Mfadhili mmoja amelalamika kwamba gharama za utawala zimepanda kutoka asilimia 6 hadi 11, na anataka kujitoa. Yupo pia anayependekeza wajawazito waanze kulipia. Je, tunakufa? Naambatisha hesabu za miaka mitatu.

JIBU: Ndugu mweka hazina, hesabu zako nimezisoma zote, pamoja na yale maelezo ya mwisho ambayo watu wengi huyaruka. Roho yako ina sababu ya kutotulia. Mwenyekiti amekosea mara mbili: anaogopa kisichotisha, halafu anafarijika kwa kisichofariji. Kushuka kutoka 171,000 hadi 61,000 si tatizo, na nakisi kupungua kutoka 55,000 hadi 11,000 si nafuu. Tatizo lenu lilikuwepo ndani ya ule mwaka wa neema, na neema ndiyo iliyolificha.

Tuufungue 2022. Katika zile paundi 171,000, 80,000 ni ruzuku ya kujenga wodi ya wazazi, na 40,000 ni wasia wa yule mzee aliyewakumbuka. Toa hizo, zinabaki 51,000. Hizo 51,000 ndizo zilizotoka kwa watu wenu wa siku zote: michango ya kila mwezi, sadaka za Ramadhani, mbio za hisani, chupa ya chenji dukani. Sasa gawa matumizi vilevile. Paundi 30,000 zilikwenda kwenye saruji, nondo na mabati, na 64,000 zikaenda kwenye mishahara, dawa, umeme na ofisi. Kwa hiyo kazi ya kila siku iliingiza 51,000 ikatumia 64,000. Mwaka mlioshangilia mlikuwa na shimo la 13,000, ila wasia ulilifunika na kuacha ziada juu yake.

Mwaka 2023 ziliingia 63,000, lakini 14,000 kati yake ni za ultrasound. Za kawaida ni 49,000. Zilitoka 118,000, na 50,000 kati yake ni sehemu ya pili ya ujenzi, pesa iliyokuwa imeshafika mwaka uliotangulia na ilikuwa benki ikisubiri fundi. Matumizi ya kawaida ni 68,000. Shimo: 19,000. Ile nakisi ya 55,000 iliyomtisha mwenyekiti kwa sehemu kubwa ni ujenzi uliolipwa kama ulivyopangwa.

Mwaka 2024 ziliingia 61,000, lakini humo mna 9,000 za Gift Aid (kodi ambayo serikali ya Uingereza hulirudishia shirika juu ya michango ya walipa kodi) ya miaka ya nyuma, mliyoidai kwa mkupuo. Hizo hazitajirudia, kwa sababu malimbikizo yameshaisha. Za kawaida ni 52,000, matumizi 72,000. Shimo: 20,000.

Ziweke kwenye mstari mmoja: 13, 19, 20. Ndizo namba zilizokuwa zinakunyima usingizi. Karatasi iliyo mbele ya wajumbe inasema mmetoka kwenye ziada ya 77,000, mkaanguka kwenye nakisi ya 55,000, kisha mkaanza kupata ahueni. Ukweli ni kwamba mmekuwa mkididimia taratibu kwa miaka yote mitatu.

Hakuna aliyewadanganya. Ninyi mnatumia mfumo wa mapokezi na malipo, ambao kwa hesabu za 2024 unaruhusiwa England kwa shirika la hisani lisilo kampuni ambalo mapato yake hayazidi paundi 250,000. Mfumo huo unaandika pesa siku inapoingia na siku inapotoka, basi. Hauulizi imekuja kwa kazi gani, wala kama itakuja tena. Ni mwepesi, na kwa ukubwa wenu unatosha kisheria, lakini shirika linalopata ruzuku moja kubwa kila baada ya miaka michache litaonekana linapanda na kushuka hata kama hali yake ya ndani haijabadilika. Dawa yake ni ukurasa mmoja wa ziada, ambao hakuna sheria inayowalazimisha kuutengeneza, wenye safu mbili: pesa inayokuja mara moja, na pesa inayorudi. Matumizi nayo yagawanywe hivyohivyo. Kikao cha wadhamini, yaani wajumbe wenye dhamana ya shirika, kianze na ukurasa huo kabla ya jumla yoyote.

Nidokeze hapa jambo linalowahusu wengine wanaochangisha Ramadhani. Ninyi mnafunga hesabu Desemba, na hadi 2029 kila mwaka wenu utakuwa na Ramadhani moja. 2030 utakuwa nazo mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wanaofunga 31 Machi wameshayaona hayo: kumi la mwisho la Ramadhani ya 2024 karibu lote liliangukia Aprili, na la 2025 likaangukia Machi, kwa hiyo mwaka wao wa 2024/25 ulibeba makumi mawili ya mwisho, na ndipo watu wanapotoa zaidi. Nimeona wajumbe wakipongezana kwa ukuaji ulioletwa na mwezi mwandamo.

Sasa, shimo limetoka wapi? Mapato yenu ya kawaida hayajaanguka: 51, 49, 52. Yamesimama. Kilichopanda ni gharama, na nadhani kwa sehemu kubwa imepandishwa na kile kile mnachojivunia kuliko vyote, yaani wodi.

Mfadhili wa jengo hulipa mara moja, anapigwa picha, anaondoka. Wodi ya wazazi inabaki ikidai kila siku, kwa sababu mtoto hachagui saa ya kuzaliwa. Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawa: ili muuguzi mkunga mmoja awepo zamu zote, mnahitaji karibu watu wanne, na hapo hajaugua mtu. Ongeza likizo ya siku 28 kwa mwaka, na likizo ya uzazi ya siku 84, maana wakunga nao huzaa, na nafasi moja ya kazi inakaribia kuwa watu watano. Bado maji, taa za usiku, glovu, oksitosini na friji yake, usafi, mlinzi. Ombi lenu la ruzuku, ambalo umeniambatishia (nashukuru), lina kurasa nyingi za michoro na makadirio ya fundi. Gharama za uendeshaji zimepewa sentensi moja: "zitabebwa na shirika." Sentensi hiyo ndiyo shimo lenu.

Mara nyingine mfadhili akitaka kuwajengea, mwambieni aongeze mishahara ya miaka mitatu ya mwanzo, ikipungua mwaka hadi mwaka. Baadhi watakataa. Kukataliwa jengo msiloweza kuliendesha si hasara.

Kuna kitu kingine kimewafichia ukali wa hali, nacho ni thamani ya shilingi. Mwishoni mwa Septemba 2022, paundi ilipoyumba vibaya London, ilikuwa inabadilishwa kwa karibu shilingi 2,500. Katikati ya 2024 ilivuka 3,300. Ukichukua wastani wa kama 2,900 kwa mwaka 2022 na 3,300 kwa 2024, gharama za zahanati bila utawala zilitoka kama shilingi milioni 169 hadi milioni 211. Hiyo ni robo nzima. Kwa paundi mmeona ongezeko la asilimia 10 tu, kwa kuwa kila paundi mliyotuma ilinunua shilingi nyingi zaidi. Kama kiwango cha 2022 kingebaki palepale, shimo la 2024 lingekaribia 29,000.

Na kinachopanda hushuka. Waulizeni wenzenu wenye miradi Kenya. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Serikali ilipopata njia ya kulipa hati fungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, shilingi ilipanda, na kufikia Aprili dola ilikuwa kama 130. Shirika lililotuma dola zile zile likajikuta na karibu moja ya tano pungufu ya pesa ya mishahara, bila mfadhili hata mmoja kujitoa. Bajeti yenu ya Tanga ipangeni kwa shilingi kwanza, kisha igeuzeni kuwa paundi kwa kiwango kibaya kuliko cha leo, tuseme pungufu kwa asilimia 10. Mkibaki na chenji mtashukuru.

Mishahara yenyewe nayo haitangojea. Mei Mosi 2025 Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tangazo hilo haliwalazimishi ninyi, kwa kuwa si serikali. Lakini muuguzi wenu analisikia, na nafasi za halmashauri zikitangazwa ataomba. Ama mnamfuata kwa mshahara, ama mnafundisha mwingine kila mwaka.

Nije kwenye ultrasound, maana hapa sitaki kuzungukazunguka: msizikope. Pesa iliyochangwa kwa kusudi maalumu si yenu kuitumia kwa lingine, hata kwa wiki mbili, hata kwa nia njema. Kwa sheria ya England kufanya hivyo ni kukiuka amana, na wadhamini wanaweza kutakiwa kuirudisha kutoka mifukoni mwao. "Tutarudisha Ramadhani" haisaidii, kwa sababu Ramadhani ijayo ina matumizi yake tayari, na shimo la 20,000 litakuwa bado lipo. Nyingine ya kukumbuka: kama kwenye hafla ile kuna waliotoa zaka, fungu hilo lina masharti ya dini juu ya masharti ya sheria. Waliotoa waliamini linakwenda kwa mafungu yanayostahiki zaka, na hamuwezi kulipangia kodi ya ofisi.

Kama ingekuwa ni mfadhili mmoja, mngemwandikia barua mkaomba abadilishe masharti, na akikubali kwa maandishi mambo yangekwisha. Yenu ilitoka kwa ukumbi mzima. Ipo njia ya kisheria ya kubadilisha kusudi la mchango wa hadhara uliokwama, ila inataka ushauri wa mwanasheria wa mashirika ya hisani au mwongozo wa Tume ya Mashirika ya Hisani, si makubaliano ya kikao cha Zoom. Kwenye kadi ya hafla ijayo ongezeni mstari mmoja: "Fedha zikizidi au zisipotosha, zitatumika kwa huduma nyingine za zahanati." Mstari huo ungewaokoa.

Na kabla ya kuinunua mashine yenyewe, ulizeni nani ataitumia. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito apigwe ultrasound moja kabla ya wiki 24, kwa hiyo wazo si baya. Lakini mashine bila mtu aliyefundishwa, bila kidhibiti umeme na bila fungu la matengenezo, itafunikwa kitambaa pale kwenye kona. Mganga Mkuu wa Wilaya awaambie kwanza kama zahanati ya ngazi yenu inaruhusiwa, na picha zitasomwa na nani. Msirudie kosa la wodi kwa kipimo kidogo.

Kuhusu utawala, mfadhili wenu amesoma asilimia bila kutazama imegawanywa kwa nini. Mwaka 2022 utawala ulikuwa kama paundi 5,600, mkaigawa kwa 94,000 ambazo ndani yake mna 30,000 za saruji. Kwa matumizi ya kawaida peke yake, ilikuwa kama asilimia 9. Mwaka 2024 ni karibu 7,900 kwa 72,000, yaani 11. Kupanda kupo, ila ni kwa paundi 2,300, na karibu zote ni za yule mhasibu wa muda mliyemwajiri Tanga. Mhasibu huyo ndiye aliyepanga majina na tarehe za michango hadi mkaweza kudai zile 9,000 za Gift Aid. Mwandikieni mfadhili hivyo hivyo, kwa namba. Mwaka 2013 mashirika matatu ya Marekani yanayopima mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yalitoa barua ya pamoja kuwaomba wafadhili waache kupima shirika kwa asilimia ya utawala pekee. Mimi naongeza kwa uzoefu wangu: ninapoona zahanati ya nchi mbili ina utawala wa asilimia 3, nauliza kwanza nani anaandika vitabu, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna.

Kutoza wajawazito ningelikataa, na si kwa huruma tu. Vituo vya umma Tanzania vinatakiwa kuwahudumia wajawazito na watoto chini ya miaka mitano bila malipo, hivyo mwenye uwezo wa nauli atakwenda huko, na asiye nao atajifungulia nyumbani. Wodi itabaki na gharama zake zote na wazazi nusu. Kenya ilipofuta ada za uzazi katika vituo vya umma Juni 2013, wanaojifungulia vituoni waliongezeka. Kinyume chake mnaweza kukikisia. Wagonjwa wa kawaida, wale wa malaria, kikohozi na vidonda, wanaweza kuchangia kidogo, na kwa wenye bima ya afya ya umma kama NHIF, mnaweza kuudai mfuko wa bima badala ya mgonjwa. Hiyo inataka usajili, fomu zilizojazwa sawasawa na uvumilivu, maana malipo hukawia. Wekeni kwenye bajeti kiasi kidogo, mkikiita ziada.

Mlango ambao sioni mmeugonga ni halmashauri. Zahanati za mashirika na za dini zinaweza kuingia mkataba wa huduma na halmashauri ya wilaya, na katika mikataba ya aina hiyo serikali huweza kuleta watumishi inaowalipa yenyewe, au kuchangia dawa kupitia Bohari ya Dawa. Wakunga wawili tu wa serikali wakipangiwa wodi yenu, sehemu nzuri ya shimo inaziba kuliko harambee yoyote. Nisikufiche ubaya wake: mazungumzo huchukua muda mrefu, ahadi hutegemea bajeti, mtumishi anaweza kuhamishwa wakati wowote, na mtapoteza sehemu ya uamuzi. Wapo wadhamini watakaolia kwamba tumewapa serikali mtoto wetu. Mimi naona ni afadhali zahanati yenye mabosi wawili kuliko wodi iliyofungwa kufuli. Anzeni kwa kumwona Mganga Mkuu wa Wilaya kabla halmashauri haijaandaa mpango wake wa afya wa mwaka, kwa sababu mpango ukishapita mtaambiwa msubiri mwakani.

Upande wa mapato, msiweke matumaini kwenye ruzuku kubwa sasa hivi. Uingereza ilishusha misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kufika 0.3 ifikapo 2027. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025, na USAID ikafungwa rasmi Julai mosi. Mashirika makubwa yaliyopoteza mamilioni sasa yanabisha hodi kwenye mifuko ile ile midogo mnayoiomba ninyi, tena yakiwa na waandishi wa maombi wa kulipwa.

Kilicho mikononi mwenu ni watu wenu. Watu 100 wakiweka agizo la benki la paundi 10 kwa mwezi, ni 12,000 kwa mwaka. Wakiwa ni walipa kodi waliosaini tamko la Gift Aid, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, inaongeza senti 25 kwa kila paundi, yaani 3,000 nyingine. Hizo ni 15,000 kati ya 20,000 zinazokosekana. Wauguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, wanakatwa kodi kila mwezi, kwa hiyo wengi wenu mnastahili. Lakini nimeona kitu kwenye orodha yenu ya michango: "Mama fulani, £640, kundi la WhatsApp." Hiyo haidaiwi kwa jina lake, maana pesa si yake yote. Kila mtu lazima awe ametoa mwenyewe, kwa jina lake, na tamko lake liwepo. Mama akusanye orodha, si pesa. Kila mmoja atume moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika. Kwa zile sarafu na noti zisizo na majina kuna mpango wa michango midogo: kila mchango usizidi paundi 30, na mnaweza kudai hadi 2,000 kwa mwaka juu ya 8,000 mlizokusanya, mradi Gift Aid ya kawaida mnaidai pia. Gift Aid ya kawaida hudaiwa ndani ya miaka minne. Ya michango midogo miwili. Msirundike tena.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo najua ndilo la kwanza moyoni. Katika 37,000, zenu huru ni 23,000. Msihesabu kwamba mnaweza kuzitumia mpaka sifuri. Mkifunga, sheria ya Tanzania inawadai notisi ya siku 28 kwa wanaolipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka 10. Bado dawa za wagonjwa wanaohamishwa, na michango iliyobaki ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mimi huwashauri wa ukubwa wenu wasishuke chini ya miezi mitatu ya matumizi, ambayo kwenu ni 18,000. Inabaki 5,000 ya kuchezea. Kwa shimo la 20,000 kwa mwaka, hiyo ni miezi mitatu tangu Desemba. Mstari huo mmeshauvuka, isipokuwa kama michango ya Ramadhani ya Machi 2025 iliwasukuma mbele. Na salio la Aprili ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu linabeba chakula cha miezi tisa inayofuata.

Kwa hiyo hamjafa, ila hamna mwaka mzima wa kufikiri. Kabla ya kikao chochote, chukua salio la leo, toa 14,000, toa 18,000, uone kimebaki nini. Kama ni hasi au karibu na hapo, wadhamini waamue ndani ya mwezi huu kipi kinapunguzwa. Ningeanza na kuiendesha wodi kwa saa chache, pamoja na mpango wa rufaa na usafiri wa usiku uliokubaliwa na kituo cha afya cha jirani kwa maandishi, kuliko kuchelewesha mishahara ya wote kimyakimya.

Yapo yasiyomalizwa kwa barua. Ikiwa zile 14,000 zimeshaguswa, nendeni kwa mwanasheria wiki hii, na mjiandae kuiarifu Tume wenyewe kabla mtu mwingine hajaiarifu. Ikiwa PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) au NSSF ya Tanga imekosa kupelekwa hata mwezi mmoja, tafuteni mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, akae na makabrasha pale pale, kwa sababu adhabu zinaongezeka na hamtaziona kutokea Uingereza. Ikiwa mtu mmoja peke yake anatuma pesa, anapokea na kusaini, simamisheni hilo leo. Na hata kama yote ni salama, mpitia hesabu wenu wa kujitegemea apewe ule ukurasa wa safu mbili pamoja na vitabu. Hesabu zinatakiwa kwa Tume ndani ya miezi kumi tangu mwaka wenu kufungwa, naye mtu wa kujitolea anahitaji wiki sita, si jioni moja.